Wageni wa Maabara ya Larkin Grove

Larkin Grove, Alabama
12 Septemba 1983

Mwanangu Corliss,

Nakusalimu kwa mikono miwili na shavu nakubusu, hata kama siku hizi umekuwa mtu wa Philadelphia usiyependa kubusiwa. Huku tu wazima. Baba yako anakusalimu ingawa hastahili hata kutajwa. Daktari kamkataza sukari, naye kaitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu zote, na Jumapili hiyohiyo nikamkuta nyuma ya kanisa anakula pai ya viazi vitamu kwa mkono. "Hosea," nikamwambia, "ni nini hiyo?" Akanijibu bila haya, "Mboga, dada. Kwani viazi si mboga?" Nimemlea mdogo wangu huyu tangu mama yetu alipofariki, na bado sijamaliza.

Kanisani kila mtu anakuulizia. Bibi Ozella Tubbs anataka kujua kama umepata mchumba au unaendelea kuringa. Nimemwambia unaendelea kuringa.

Sasa sikiliza. Bodi ya chuo ilikutana wiki iliyopita. Wamesema idara ya biolojia haijiwezi, na kama haitapata mfadhili kabla ya Julai, itafungwa. Wanafunzi wangu watahamishiwa masomo mengine. Msichana aliyekuja hapa akitaka kuwa daktari ataambiwa akasomee ukatibu muhtasi. Mimi nitastaafishwa, nipewe saa ya dhahabu na keki, nikae barazani nihesabu magari.

Mkuu wa chuo, Dakta Vannoy, amepeleka ombi la ufadhili kwenye Mfuko wa Hadderly. Ndiyo, hapo hapo ulipo, ofisi yenu ya kugawa fedha za tajiri aliyekufa. Nakuambia mimi mwenyewe ili usilisikie kwa wengine, na nakuambia pia usiliguse. Tukipata, nataka tupate kwa sababu tunastahili. Sitaki mtu aseme Ardelia Swanigan alibebwa na mtoto wa mdogo wake.

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba.

Shangazi yako,
Ardelia

*

Philadelphia
2 Oktoba 1983

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole na huyo mwizi wa pai. Mwambie Baba nimesikia, na nikija nitamkagua mifuko. Mimi mzima. Baridi imeanza kubisha hodi na bomba la joto la nyumba hii linapiga kelele lakini halitoi joto. Mwambie Bibi Ozella bado naringa, na bei imepanda.

Ombi lenu limefika. Usiogope, siligusi. Hapa kuna sheria: likija ombi la ndugu yako, unatoka chumbani, unakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka wamalize. Hupigi kura, husomi, huulizi. Na huwaandikii ndugu zako kuhusu ombi hilo mpaka uamuzi utangazwe. Kwa hiyo kuanzia leo nitakuandikia habari za hali ya hewa tu.

Neno moja tu, na hili ningemwambia hata mtu nisiyemjua: wageni wa Mfuko wakija kuwakagua, msijihangaishe. Wapeni kahawa. Waonyesheni maabara kama ilivyo siku zote. Basi.

Nakumbuka nilivyokuwa nafanya kazi zangu za shule kwenye meza yako ya mwisho, ile yenye mguu uliofungwa kamba, nikisubiri umalize kufundisha. Nimesoma vyuo vyenye majengo ya kioo tangu wakati huo, na sijapata mwalimu mwingine kama wewe. Usiijibu sentensi hiyo, najua utanitania.

Mwanao,
Corliss

*

Larkin Grove
6 Novemba 1983

Corliss wangu,

Salamu nyingi, na bei yako ikizidi kupanda utabaki dukani. Baba yako amepungua uzito kidogo. Anajisifu mji mzima kana kwamba ni yeye aliyetaka.

Wamekuja! Bwana Fenwick, mrefu, mwembamba, miwani imemshuka puani, na Bi Kessler mwenye daftari. Ati "wapeni kahawa"! Umesahau kwenu wewe? Wageni watoke Philadelphia waje Larkin Grove tuwape kahawa, halafu tuwaangalie usoni? Bibi Ozella aliposikia hivyo alishika kiuno: "Huyo mtoto ndiyo maana haolewi."

Akina mama wa kanisa walipika siku mbili. Kuku wa kukaanga, mboga za majani na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi, keki ya limau ya ghorofa tatu. Bwana Fenwick aliongeza mara mbili, mara ya tatu akasema anaonja tu. Kwaya iliimba mpaka Bi Kessler akatoa leso. Vijana walivaa suti na tai, wasichana glavu nyeupe. Dakta Vannoy alihutubia kwa muda usiotajika.

Na maabara! Ungeiona usingeijua. Tulipaka rangi dari lote na kuta. Meza zote zina miguu. Na juu ya meza, mwanangu, hadubini ishirini zimepangwa mistari miwili, zinang'aa, kila moja na kitambaa chake. Zilitoka wapi, usiniulize. Bwana Fenwick alipita katikati yake mikono nyuma, akasema, "Mwalimu Swanigan, nimetembelea vyuo vingi vya watu weusi, sijaona maabara safi kama hii." Nilisimama wima kweli kweli siku hiyo.

Wameondoka wamebeba keki. Nadhani tumeshinda.

Shangazi yako mwenye maringo leo,
Ardelia

*

Philadelphia
18 Desemba 1983

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Krismasi kwako na kwa Baba. Nawatumia sweta mbili, ile ya kijivu ni yake. Naomba mnisamehe, sitakuja mwaka huu. Kazi ni nyingi na sina raha ya kusafiri.

Hali ya hewa ni mbaya.

Asante kwa barua yako. Nimeisoma mara kadhaa. Kuna mengi ningependa kuyasema lakini siruhusiwi, na hata kukuandikia hivi naona nakaribia kuvuka mpaka. Nawapenda sana. Nimeandika hilo ili ulikumbuke Januari.

Corliss

*

Larkin Grove
20 Januari 1984

Corliss,

Salamu. Sweta zimefika, zinatosha.

Barua ya Mfuko imefika pia. Wametunyima. Wanatupongeza kwa ukarimu wetu na kwaya yetu, halafu wanasema vifaa vya maabara yetu "vinatosheleza kwa sasa", na kwamba fedha zitakwenda kwa vyuo vyenye uhitaji zaidi. Dakta Vannoy aliisoma mbele yetu, akaikunja, akatoka. Alisahau kofia yake.

Nina swali moja, na safari hii sitaki habari za hali ya hewa. Ulijua?

Ardelia

*

Philadelphia
29 Januari 1984

Shangazi,

Shikamoo, na samahani, sitaanza na habari za nyumbani.

Nilijua. Nilijua siku niliyosoma habari ya hadubini ishirini. Mimi niliyekulia humo ndani najua mna nne, na katika hizo moja haina kioo. Uamuzi umeshatangazwa, sasa naruhusiwa kusema.

Siku ya kikao nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi. Bwana Fenwick akatoka kwenda kunywa maji, hajui kwa nini nimetoka wala mimi ni nani kwako, akaniambia kwa furaha kabisa, "Leo nimekumbuka safari yangu nzuri kuliko zote! Wale watu hawana shida. Vifaa wanavyo, chakula usiseme." Hakuwa na ubaya hata kidogo, Shangazi, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anawasifu. Ningesema, ombi lingetupwa kwa sababu ya undugu, na wewe ulinikataza. Nikatazama ukuta.

Mliwaonyesha karamu mkawaficha njaa. Mlipaka rangi dari linalovuja mvua ndani ya ndoo! Mliazima hadubini za chuo cha jirani, si ndiyo? Na mkazirudisha kesho yake, watoto wakabaki wanachungulia kwa zamu kama kawaida. Kwa ajili ya nini? Ili mzungu mmoja mwenye miwani aseme pasafi? Nakupenda kuliko ninavyompenda mtu yeyote hapa duniani, lakini hiki ni kiburi, na kinawagharimu wale wasichana.

Maombi ya awamu ya pili yanapokelewa mpaka mwisho wa Machi. Aliyenyimwa anaruhusiwa kurudi. Rudini. Safari hii waoneni watu hao kama daktari, muwaonyeshe panapouma.

Corliss

*

Philadelphia
11 Machi 1984

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nimempigia Baba, anasema u mzima, unakwenda kazini, unakwenda kanisani, na jina langu likitajwa unaanza kufua. "Muache," kaniambia. "Dada yangu akinuna hanuni kwa mdomo, ananuna kwa sabuni."

Nimeisoma nakala ya barua yangu ile. Siyafuti niliyosema, lakini namna nilivyosema haikuwa ya mtoto kwa mama yake. Nisamehe. Nichape kwa maneno upendavyo, ila uniandikie. Nikitoka kazini naenda kuangalia sanduku la barua kabla hata sijavua koti, nakuta bili na magazeti ya mpangaji aliyehama.

Mwanao,
Corliss

*

Larkin Grove
18 Machi 1984

Mwanangu,

Nakusalimu, na mashavu yote mawili nakubusu. Baba yako mdomo wake hauna mlango. Nilifua kwa sababu nguo zilikuwa chafu.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka 1946 nilikuwa mwanafunzi hapa hapa, katika chumba hiki hiki. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Miss Leota Birdsong, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Akaja mkaguzi wa serikali ya jimbo. Miss Birdsong hakuficha kitu. Alimwonyesha viti vilivyovunjika, samaki wetu kwenye chupa za jemu, hadubini yetu moja. Alidhani akiona atasaidia. Yule bwana alipita ameziba pua kwa leso. Sisi tumesimama kando ya ukuta, tunamsikia. Akamwambia mwenzake kwa sauti, wala hakunong'ona, "Hawa mtu akiwapa jembe amewasaidia zaidi." Wakacheka. Halafu akaandika ripoti, na kwa ripoti hiyo wakatufungia masomo ya sayansi miaka minne. Miss Birdsong alimaliza maisha yake akifua nguo za watu mjini Selma. Nilimwona mara moja, amebeba kikapu, akajifanya hanijui.

Siku niliporudi hapa kuwa mwalimu nilijiapiza: hakuna mgeni atakayeingia katika chumba changu akaziba pua. Ndiyo hicho ulichokiita kiburi. Uliita sawasawa. Sikuandika kwa sababu ulikuwa na haki, na sikuwa na haraka ya kukupa.

Jana nilikwenda kwa Dakta Vannoy nikamwambia turudishe ombi, na wakija wasioneshwe kitu ila ukweli. Akaruka kitini. "Ardelia, unataka nivuliwe nguo mbele ya wazungu?" Nikamjibu, "Wewe vua koti tu. Yaliyobaki niachie mimi." Tumebishana mpaka katibu wake akaja kutufungia dirisha. Mwisho alitia sahihi, lakini haniongeleshi.

Naogopa, Corliss. Namwambia nani kama si wewe? Naogopa wakiona watacheka. Nikicheka mwenyewe kwanza labda haitauma sana.

Usinijibu kuhusu hili. Turudi kwenye hali ya hewa yako.

Shangazi yako,
Ardelia

*

Philadelphia
27 Machi 1984

Shangazi yangu,

Shikamoo mara nyingi. Huku kuna upepo.

Nimelia kwa ajili ya Miss Birdsong, ambaye sikumjua. Hilo si habari za ombi, kwa hiyo nalisema wazi. Sikujua ulikuwa umesimama kando ya ukuta ule. Ningejua, nisingeandika neno lile.

Upepo ni mkali lakini mti wa mbele ya nyumba umeota majani.

Corliss

*

Larkin Grove
6 Mei 1984

Corliss wangu,

Salamu nyingi. Baba yako anakusalimu. Sukari imeshuka, na sasa anamhubiria kila mtu ubaya wa pai. Hakuna anayemwalika tena.

Wamekuja Alhamisi, wawili walewale. Kazi ya kwanza ilikuwa kumzuia Bibi Ozella. Nilimwambia asipike. Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. "Wageni? Wasile? Ardelia, umeokoka dini gani mpya?" Nilipomweleza akalia kidogo, akauliza kama biskuti ni chakula. Nikamruhusu biskuti na kahawa. Bwana Fenwick alipoingia alinusa hewa akitafuta kuku, maskini.

Mungu hakunionea huruma, akaleta mvua. Ile rangi ya dari ilikuwa imeshaanguka vipande. Ndoo zilikuwa tatu na zote zinalia. Wanafunzi walivaa nguo zao za kila siku. Hadubini nne mezani, wanafunzi foleni nyuma ya zile tatu zenye kioo. Bwana Fenwick akasimama mlangoni, akatazama, akatazama tena. "Mwalimu Swanigan, zile nyingine ziko wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia jibu refu. Likapotea lote. Nikasema, mbele ya wanafunzi wangu, "Zilikuwa za watu." Nikasikia ndoo.

Bi Kessler akaacha kuandika. Bwana Fenwick akaenda akapanga foleni. Naapa, mwanangu, alipanga foleni nyuma ya watoto. Ilipofika zamu yake akainama, akazungusha, akazungusha tena, akamuuliza msichana mmoja aitwaye Verlene, anayetaka udaktari, "Binti, mimi naona ukungu tu. Wewe unaona nini?" Verlene akajibu, "Hata mimi naona ukungu, bwana. Lakini Mwalimu ametuchorea ubaoni kilichomo ndani yake, kwa hiyo najua naangalia nini." Bwana Fenwick akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Alikuwa anatucheka, au ilikuwa mvuke wa mvua, sijui. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Wameondoka bila keki. Dakta Vannoy alinipa mkono kwa mara ya kwanza tangu Machi. Bodi ya chuo inakaa mwisho wa Juni. Nimeanza kukusanya vitabu vyangu kwenye maboksi, nikivitoa tena asubuhi.

Usiniambie chochote.

Ardelia

*

Philadelphia
8 Juni 1984

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo wakuu wa Mfuko wamekutana. Nilitoka chumbani kama sheria inavyotaka, nikakaa kwenye benchi, nikawasikia wanaongea lakini sikusikia maneno. Kikao kilichukua muda. Walipotoka, Bwana Fenwick alinipita, akarudi, akasema, "Nimeambiwa Mwalimu Swanigan ni shangazi yako." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie mwezi wa kumi nitakuja mwenyewe kwa gharama yangu, na safari hii nataka kuku." Akaondoka.

Siruhusiwi kukuambia lolote mpaka barua rasmi ifike, na sikuambii lolote. Ninakueleza hali ya hewa tu. Huku mvua inanyesha tangu asubuhi, mitaro imefurika, viatu vyangu vimeharibika, na sijawahi kuona siku nzuri namna hii tangu nizaliwe.

Toa vitabu kwenye maboksi.

Mwanao,
Corliss

*

Larkin Grove
30 Septemba 1984

Mwanangu Corliss,

Nakusalimu mpaka salamu ziishe. Samahani kwa kukaa kimya, safari hii si kwa kununa. Tangu Julai chuo kimejaa mafundi. Paa jipya limewekwa; mvua ikinyesha natoka nje makusudi niisikilize ikihangaika. Bibi Ozella ameshachagua kuku wa Bwana Fenwick, anawaita kwa majina.

Hadubini zilifika Jumatatu. Zetu. Kila mwanafunzi na yake. Nilizifungua mwenyewe, sikumruhusu mtu kugusa, mpaka Verlene akasema, "Mwalimu, kwani ni watoto wachanga?"

Jumanne tukaanza na ncha ya mzizi wa kitunguu, seli zinavyogawanyika. Somo hilo nimelifundisha miaka yangu yote kutokana na picha ya kitabu, na ubaoni nachora vile vijiuzi vinavyoachana, nusu huku, nusu kule. Nikawaambia wainame. Halafu kona moja mtu akasema "Yesu wangu," na kona nyingine mwingine akacheka peke yake, na baada ya hapo kila mmoja akawa anamwita mwenzake aje, na mwenzake hataki kuondoka kwa sababu naye anaona yake. Mimi nimesimama mbele na chaki mkononi. Hakuna aliyenihitaji.

Ndipo nikagundua nilichofanya. Kwenye lile ombi niliandika hadubini za wanafunzi, nikawahesabu wote, nikajisahau. Ya mwalimu hakuna. Nikawa nazungukazunguka chumbani, kama mtu asiyealikwa, natazama visogo vya watoto.

Verlene akaniona. Akainuka, akanivutia kiti chake, akasema, "Keti, Mwalimu."

Nikaketi. Nikainama. Vijiuzi vilikuwepo, mwanangu, vyote, wazi kabisa, vinaachana. Nilikaa pale mpaka kengele ikalia, na mtoto wa watu siku hiyo hakuona kitu zaidi.

Shangazi yako,
Ardelia